Kulima nafaka bila plau: mwongozo kamili wa msimu wa kwanza

Mkulima anasikia kwamba kugeuza udongo kila mwaka kunauchosha. Anaiacha plau bandani, anatandaza mabua, anapanda. Wiki ya nne mahindi yanageuka njano. Wiki ya sita mstari wa mazao hauonekani kwa magugu. Anavuna kidogo kuliko mwaka uliopita, na msimu unaofuata plau inarudi shambani.

Nimeulizwa juu ya jambo hili mara nyingi mno, na karibu kila mara chanzo huwa kilekile: plau iliondolewa, lakini kazi zake hazikukabidhiwa kwa chochote. Plau ilikuwa na kazi tatu. Ilifukia magugu. Ililegeza udongo ili mizizi ipenye. Na iliingiza hewa ardhini, vijidudu wakaamka na kuila mboji iliyomo, na katika kula huko wakaachia nitrojeni ambayo mmea uliitumia. Kazi hii ya tatu ndiyo inayosahaulika. Ilikuwa ni kula akiba, na ndiyo sababu shamba linalogeuzwa kila mwaka hudhoofika, lakini mmea ulikuwa unashiba. Ukiiacha plau, lazima ujue mmea utashibishwa na nini.

Vipimo vingi hapa ni vya mahindi na mtama. Ngano, shayiri na ulezi nimevigusa kwenye hatua ya kupanda.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Anza na robo ekari, hata kama una ekari kumi. Sababu si woga. Masalia na samadi ulivyo navyo havitoshi eneo kubwa, na ukivisambaza kila mahali vitakuwa vichache mno kufanya kazi popote.

- Jembe la mkono lenye bapa jembamba, sentimita 15 hivi, na sululu moja.
- Kamba yenye fundo kila sentimita 70, na fimbo mbili za sentimita 90.
- Kamba ya pili ya mita 10 yenye mafundo 50, moja kila sentimita 20.
- Nondo nyembamba ya mita moja iliyochongwa ncha.
- Samadi iliyoiva, kilo 800 hivi.
- Masalia makavu ya mazao au nyasi zisizo na mbegu, angalau kilo 300. Ukipata 500 ni bora zaidi.
- Mbegu za nafaka, na mbegu za mikunde za kupanda pamoja nayo.
- Kopo la bati lililokatwa pande zote mbili, lenye kipenyo cha sentimita 15.
- Daftari.

Samadi iliyoiva haina joto ukiingiza mkono, haichomi pua, na huwezi kutambua tena jani au nyasi iliyokuwemo. Samadi mbichi huleta mbegu za magugu zikiwa hai, na huunguza miche.

## Hatua ya 1: Chunguza udongo

Siku moja au mbili baada ya mvua, udongo ukiwa na unyevu, sukuma nondo ardhini kwa nguvu ya mikono tu. Rudia sehemu kumi. Ikiteleza vizuri kisha ikagoma kwenye kina cha sentimita 15 hadi 20 karibu kila mahali, una tabaka gumu. Limejengwa na plau au jembe kupita kina kilekile miaka mingi. Usipime wakati wa kiangazi, kwa sababu udongo mkavu wote ni mgumu na nondo itakudanganya.

Ng'oa pia visiki vya zao lililopita. Mizizi iliyoshuka kisha ikapinda kwenda pembeni, kama mguu wa bata, inathibitisha habari hiyohiyo.

Kisha chimba pande la udongo la sentimita 20 kila upande, lipasue juu ya gunia na uhesabu nyungunyungu. Andika idadi hata kama ni sifuri, utaihitaji baadaye. Dondosha bonge kavu la udongo, ukubwa wa yai, ndani ya bilauri ya maji. Likiyeyuka na kuwa tope ndani ya dakika moja au mbili, udongo wako hauna gundi ya mboji ya kuushikilia, na mvua itaufanyia hivyohivyo.

Mwisho, chukua udongo wa kina cha sentimita 0 hadi 20 kutoka sehemu 15 kwa kupita shamba kwa zigizaga, uchanganye, na upeleke kiasi cha nusu kilo kupimwa maabara. Nafaka nyingi hustawi pH, yaani kipimo cha tindikali ya udongo, ikiwa kati ya 5.5 na 7.

Onyo: usichukue sampuli palipokuwa na kichuguu, rundo la samadi au majivu. Sehemu moja kama hiyo huharibu kipimo chote.

## Hatua ya 2: Fanya ukarabati wa mwisho

Kuna mambo matatu ambayo lazima yafanyike kabla hujaacha kugeuza udongo, kwa sababu baadaye hutapata nafasi.

Kwanza, tabaka gumu. Livunje wakati wa kiangazi, udongo ukiwa mkavu, kwa sululu au kwa jembe la kupasua linalokokotwa na ng'ombe au trekta. Udongo mkavu hupasuka na kuacha nyufa, mbichi hufinyangika tu na kujifunga upya. Huna haja ya kupasua shamba zima. Pasua mistari ya kupandia peke yake, mpaka upite chini ya tabaka lenyewe.

Pili, chokaa, kama kipimo kimeonyesha tindikali. Chokaa haitembei, ukiimwaga juu itachukua miaka kushuka sentimita chache. Ichanganye na udongo sasa, kwa kiasi ulichoelekezwa na maabara. Usikisie. Na usiiweke pamoja na samadi, kwa kuwa zikigusana nitrojeni ya samadi hupotea hewani. Acha wiki kadhaa kati yake.

Tatu, magugu yanayozaliana kwa vitunguu na mashina ya chini ya ardhi, kama ndago na sangari. Matandazo hayayawezi hata kidogo. Yachimbue, yakusanye, yakaushe juani na uyatoe shambani. Kazi hii inachosha, na wengi huiruka. Mkulima aliyeiruka ndiye ninayemwona akirudi kwenye plau mapema kuliko wote.

## Hatua ya 3: Chimba mashimo kabla ya mvua

Mistari ikate mteremko, isiufuate. Kama mteremko hauonekani kwa macho, funga miti mitatu iwe na umbo la herufi A, ning'iniza jiwe kwa uzi kutoka kileleni, na utafute mahali ambapo uzi unagusa katikati ya mti wa kulala. Hapo miguu yote miwili iko usawa mmoja. Piga vigingi, sogea, rudia.

Nafasi ni sentimita 90 kati ya mistari na sentimita 70 kutoka katikati ya shimo hadi katikati ya shimo lingine. Kila shimo liwe na urefu wa sentimita 35, upana wa 15 na kina cha 20. Kwa robo ekari utapata mashimo 1,600 hivi. Udongo unaochimbua uweke upande wa chini wa mteremko, maji yanayoteremka yaingie shimoni bila kuurudisha.

Sababu ya vipimo hivi ni mbili. Shimo hukusanya mvua za mwanzo na kuziweka penye mzizi. Na samadi kidogo uliyonayo inakwenda palipo na mmea badala ya kulisha magugu katikati ya mistari.

Weka nusu kilo ya samadi kwa kila shimo, sawa na konzi mbili kubwa za mikono miwili, kisha funika kwa udongo mpaka shimo libaki na kina cha sentimita kumi hivi.

Onyo: kwenye mfinyanzi mzito au bonde linalotuamisha maji, mashimo haya yatageuka madimbwi na mbegu itaoza. Huko tumia matuta mapana ya kudumu, upande juu ya tuta, na utembee mferejini pekee.

## Hatua ya 4: Tandaza masalia, kisha uyapime

Tandaza katikati ya mistari, siyo juu ya mashimo. Lengo la chini ni kufunika asilimia 30 ya udongo. Chini ya hapo matone ya mvua bado yanapiga ardhi tupu, yanaziba vinyweleo, na maji yanakimbia juu. Kama unataka masalia yazuie magugu pia, 30 haitoshi. Unahitaji kuficha karibu udongo wote.

Macho hudanganya hapa. Watu huniambia shamba limefunikwa vizuri, tukipima tunapata asilimia 15. Chukua kamba ya mafundo 50, ilaze kwa kukatisha mistari kimshazari, na uhesabu mafundo ambayo chini yake kabisa kuna bua au jani. Zidisha kwa mbili. Hiyo ndiyo asilimia. Rudia sehemu tatu.

Masalia yakipungua, kata nyasi kabla hazijatoa mbegu. Mchwa wakianza kuyala, waache. Mara nyingi wakipata kitu kikavu cha kula huacha mmea mbichi, na mashimo yao huingiza maji ardhini.

Onyo kubwa: usiyafukie mabua. Sababu iko hatua ya 6.

## Hatua ya 5: Panda mapema, kwa kina kinachofaa

Subiri mvua ya kwanza inayojaza mashimo. Maji yakishanywea, panda ndani ya siku moja hadi tatu. Kila siku unayochelewa baada ya hapo ni mavuno unayoyapunguza, na faida kubwa ya kuchimba kiangazi ni kwamba huna cha kusubiri.

Mahindi: mbegu nne kwa shimo, kina cha sentimita 5, ukipunguza zibaki tatu baada ya wiki mbili. Mtama na uwele: kina cha sentimita 2 hadi 3. Ulezi ni mdogo sana, usizidi sentimita 2. Usijaze shimo mpaka juu, liache likiwa na kibonde kidogo cha kukusanya maji.

Ngano na shayiri hazihitaji mashimo. Sogeza masalia, chora vifereji vya sentimita 20 kati ya kimoja na kingine, weka mbegu kwa kina cha sentimita 3 hadi 5, bana udongo kwa mguu. Kosa la kawaida ni nyasi kuingia kwenye kifereji na kuitenga mbegu na udongo. Mbegu hiyo haitaota hata mvua inyeshe vipi.

Dalili ya mafanikio: siku ya kumi, mashimo tisa kati ya kumi yana miche iliyolingana urefu. Miche ikikatwa shingoni, fukua pembeni utamkuta sota, kiwavi anayekata miche, amejikunja. Mwue na upandie tena mara moja.

## Hatua ya 6: Lishe, mahali wengi wanapoanguka

Elewa kinachotokea chini ya mabua yako. Vijidudu wa udongo wanahitaji chakula chenye takriban sehemu 24 za kaboni kwa sehemu moja ya nitrojeni. Majani mabichi ya mikunde huwa na chini ya 20 kwa moja, kwa hiyo wakiyala nitrojeni inabaki na mmea unaipata. Mabua ya mahindi ni kama 60 kwa moja, majani makavu ya ngano kama 80. Ili wayale, vijidudu huchukua kwenye udongo nitrojeni wanayoikosa kwenye mabua, na huwa wameshaifikia kabla ya mzizi wa mmea wako. Wataiachia watakapokufa, lakini hiyo ni baada ya miezi, na mahindi hayasubiri.

Bua likilala juu ya udongo, ni upande wake wa chini tu unaoliwa, na njaa huwa ndogo. Likifukiwa, linaliwa pande zote kwa wakati mmoja, na mmea unakauka njano.

Njaa ya nitrojeni huanzia majani ya chini, ya zamani. Unjano huanza kwenye ncha na kurudi ndani kwa kufuata uti wa jani, ukichora umbo la V. Kama majani machanga ya juu ndiyo ya njano na ya chini ni mabichi, tatizo ni jingine, mara nyingi salfa. Majani ya mche yenye zambarau yanaashiria fosforasi kidogo, au baridi.

Nasema wazi: msimu wa kwanza na wa pili unahitaji nitrojeni zaidi, si pungufu. Wapo wanaofundisha kwamba ukiacha plau uache na mbolea ya dukani siku hiyohiyo. Ushauri huo umewavunja moyo watu wengi waliokuwa na nia njema. Ipunguze pale udongo utakapoanza kukulisha, na utajua kwa kuacha mistari miwili bila mbolea kila msimu na kuilinganisha na mingine.

Mbolea ya kukuzia weka mahindi yakifika magotini, wiki ya nne hivi. Ifukie kina cha sentimita 5, sentimita 10 kutoka kwenye shina. Urea ikimwagwa juu ya mabua hugeuka hewa ya amonia na kupotea. Asiyetumia mbolea ya dukani aweke samadi ya kuku iliyoiva, konzi moja kwa shimo, wiki ya tatu, na afunike kwa udongo. Majani mabichi ya mikunde au alizeti pori yaliyokatwa na kulazwa kuzunguka shimo nayo husaidia sana.

Dalili ya mafanikio: wiki ya saba, jani la nne kutoka chini bado ni la kijani.

## Hatua ya 7: Ingiza mikunde, kila moja kwa wakati wake

Mbaazi panda siku moja na nafaka, kwa sababu hukua polepole miezi ya mwanzo na haitaiba mwanga. Kunde isiyotambaa sana panda siku hiyohiyo au wiki mbili baadaye. Ngwara na mukuna ngoja wiki nne hadi sita. Ukizipanda mapema zitapanda juu ya mahindi na kuyalaza chini. Na mukuna ni ya udongo: usiipike kama maharage, mbegu zake zina kemikali inayodhuru.

Mikunde inapokaribia kuchanua, chimbua mmea mmoja taratibu na upasue vinundu vya mizizi kwa kucha. Ndani kukiwa na rangi ya waridi au nyekundu, bakteria wanakamata nitrojeni ya hewani. Kukiwa kweupe au kijani, hawafanyi kazi. Soya hasa, ikipandwa mara ya kwanza kwenye shamba, mara nyingi hukosa bakteria wake, kwa hiyo mbegu ipakwe bakteria hao kabla ya kupandwa.

## Hatua ya 8: Palilia mapema kuliko ulivyozoea

Palizi ya kwanza ni wiki ya pili, magugu yakiwa na urefu wa kidole. Ya pili ni wiki ya tano. Nafaka inayobanwa na magugu katika wiki sita za mwanzo haipati tena ilichopoteza, hata ukiisafishia baadaye.

Kwangua juu tu, usichimbe. Kila ukigeuza udongo unaziinua mbegu za magugu zilizolala gizani na kuzipa mwanga wa kuota. Baada ya hapo pita shambani kila wiki na kung'oa chochote kinachotaka kuchanua, hata mazao yakiwa yamekomaa. Hata baada ya kuvuna. Palizi hii ya mwisho haimnufaishi mtu msimu huu, na kwa hiyo hupuuzwa, lakini ndiyo inayoamua kama msimu wa tatu utakuwa mwepesi.

Ukiona kiduha, mmea mdogo wenye maua ya waridi au mekundu unaonyonya mizizi ya nafaka, ung'oe kabla ya maua kukauka na uuchome nje ya shamba. Mmoja hutoa maelfu ya mbegu zinazoweza kuishi ardhini zaidi ya miaka kumi. Desmodiamu, mmea wa jamii ya mikunde, ikipandwa katikati ya mistari huziamsha mbegu hizo na kuziua bila kuzipa pa kushika.

## Hatua ya 9: Vuna, uache mizizi

Kata nafaka juu ya ardhi, usiing'oe. Mzizi unaooza mahali pake huacha mfereji wa hewa na maji kwa mzizi wa msimu ujao. Mabua yaliyobaki yalaze chini, maana viwavi wanaotoboa mabua hujificha vizuri zaidi kwenye bua lililosimama.

Kisha yalinde. Mifugo ya jirani ikila masalia yote, umerudi ulipoanzia. Kaa na majirani kabla ya mavuno, siyo baada ya ng'ombe kuingia. Njia ambayo nimeiona ikifanya kazi ni kugawana waziwazi: sehemu ya mabua ikatwe na kubebwa kwa ajili ya mifugo, iliyobaki isiguswe.

Msimu wa pili nusu ya eneo ipate mikunde pekee, nusu nyingine nafaka, kisha zibadilishane. Nafaka juu ya nafaka, tena chini ya masalia ya nafaka, hulea wadudu na magonjwa yaleyale.

## Hatua ya 10: Pima kilichobadilika

Mavuno ya msimu wa kwanza yanaweza kulingana na ya zamani au kupungua kidogo. Usiyahukumu peke yake. Sukuma lile kopo la bati ardhini sentimita 6, mwaga mililita 440 za maji, sawa na mvua ya milimita 25, na uhesabu dakika mpaka yanywee. Yakishanywea, mwaga kiasi kilekile tena na uhesabu upya. Andika hesabu hii ya pili, maana ya kwanza hutegemea ukavu wa siku hiyo. Fanya hivyo pia kwenye kipande kinacholimwa kwa plau. Rudia na bonge la udongo kwenye bilauri, na hesabu ya nyungunyungu.

Maji kunywea haraka ndiyo badiliko linalojitokeza mapema. Nyungunyungu na bonge lisiloyeyuka huchukua misimu miwili, mitatu. Kama baada ya misimu miwili maji hayajabadilika hata kidogo, rudi na nondo yako. Mara nyingi tabaka gumu halikuvunjwa mpaka chini.

Mashimo usiyahamishe. Kiangazi kinachofuata yafungue palepale, ni kazi nyepesi kwa kuwa udongo umeshalegea, na samadi mpya inakutana na ya zamani. Robo ekari ya pili ianze pale ambapo ya kwanza inakupa masalia ya kujifunika yenyewe na mbegu za mikunde za kutosha kupanda zote mbili.